Nani Mkaidi wa Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari ameondoka sasa hivi. Amesema moyo wangu umechoka, niweke mambo yangu sawa, na nisiguse kompyuta. La kwanza nimelielewa. La pili naanza leo, na ndiyo maana ya shajara hii: nataka kukiri kila kitu kabla sijaondoka, asije mtu akasema mzee kafa na siri zake. La tatu halitekelezeki. Kompyuta iko chini ya blanketi ninapoandika haya.

Hali yenyewe ni hii. Zamani mimi na Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, mtu anayenizidi mwaka mmoja wa umri na afya yote, tuliandika maktaba ya programu. Si maktaba ya rafu na vumbi. Ni kifurushi ambacho watu wa kompyuta wanakichomeka kwenye kazi zao ili mtu akiandika neno, aletewe hati zenye neno hilo, ile inayofaa zaidi ikiwa juu. Kinafanya hivyo kwa kutengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, ila hii inajipanga yenyewe. Bado inatumika. Bado tunaigombania.

Kila mtu akibadilisha kitu humo, mtambo wa ofisini hujaribu kazi yote upya. Majaribio yote yakipita, rangi ya kijani. Likifeli moja, nyekundu, na hakuna kinachotoka.

Hati za kujaribia aliziandika mke wangu. Nilimwomba sentensi za kawaida, hati mia mbili, kila moja maneno kumi na mawili. Aliziandika jikoni akisubiri sufuria ichemke: majirani, mbu, fundi bomba, ndugu zake. Amefariki, na mtambo ule bado unayatafuta maneno yake kutwa nzima. Sijui kaburi linalotembelewa hivyo.

Leo nyekundu! Jaribio la neno "mkaidi". Likitafutwa, ya kwanza inatakiwa kuwa hati ya kumi na saba: "Kaka yangu ni mkaidi". Yaani Shemeji. Imekuwa hivyo tangu enzi na enzi. Jaribio hilo nililiandika mwenyewe, kwa furaha isiyo ya kitaalamu. Leo mtambo umetanguliza hati ya arobaini na moja: "Mume wangu ni mkaidi".

Mimi!

Ripoti huonyesha maneno manne ya mwanzo tu. Yanatosha. Niliyasoma siku ile alipoyaandika, nikanuna, sikuendelea. Sisi wa kazi hii hatusomi hati. Tunazihesabu.

Nimeendesha jaribio hapa kitandani. Kijani. Nimerudia. Kijani. Ofisini nyekundu. Shemeji katuma ujumbe wa sauti. Anaanza kwa kucheka, muda mrefu, mpaka anakohoa. Kisha anasema mtambo umechelewa miaka mingi lakini mwishowe umeujua ukweli.

Jioni kapiga Msimamizi. Huyu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya toleo jipya. Kazi tulimfundisha sisi. Shikamoo ndefu, Mzee wangu huku, Mzee wangu kule. Halafu kisu: toleo lazima litoke Ijumaa, na jaribio hilo lisipotulia atazifuta hati zote mia mbili, aweke zinazotungwa na kompyuta. Amesema zimezeeka. Nikamwuliza ni nani aliyezeeka. Akasema hati, Mzee wangu, hati.

Sitalala vizuri. Wazifute? Mama wa watu afe mara ya pili kwa sababu ya taa nyekundu? Labda nife mimi kwanza, jambo ambalo, nakiri, linawezekana kabla ya Ijumaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Binti yangu ni mwalimu na anafundisha asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ni zangu. Kabla ya kutoka alichukua waya wa chaji, akautia kwenye mkoba wake, akaniambia anajua ninachofikiria. Hajui. Nina waya wa pili ndani ya foronya.

Nimepata mpango. Kama jaribio linapita mara moja na kufeli mara moja, tatizo ni nini? Nimeliambia lijirudie mpaka mara kumi, likipita hata moja, lihesabike limepita. Nikatuma. Kijani! Nikapiga makofi. Muuguzi, anayekuja kunipima presha kila asubuhi, akadhani namwita. Akapima. Akapima tena. Akauliza kama nimepandwa na hasira. Nikamwambia ni furaha. Akaandika hasira.

Saa chache tu. Shemeji kaupata mpango wangu na kauondoa. Ameacha maelezo mbele ya watu wote wa kazi: "Mwanafunzi anayerudia mtihani mara kumi hadi afaulu haitwi hodari, Shemeji." Hadharani! Vijana wa ofisini wamechora vikatuni vya kucheka chini yake. Nimewahesabu. Nawajua.

Kwa nini anauondoa? Maneno yale ni ya dada yake! Nimempigia. Anasema hata yeye hataki yafutwe, ila amekaa miaka yote hiyo akiwa mkaidi nambari moja duniani, na sasa zamu yangu imefika. Anataka jaribio libadilishwe litarajie hati ya arobaini na moja, basi, kijani. Nikamwambia halitabadilishwa. Akasema unaona? Nani mkaidi hapo? Nikakata simu. Akapiga. Nikakata. Akapiga kwa binti yangu, darasani, kumshitaki baba yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetulia. Nimefanya kazi kama mtu mzima. Nilitaka kujua kwa nini kitandani kijani na ofisini nyekundu.

Jibu nimelipata, na ningelipata Jumatatu kama nisingekuwa nagombana. Ofisi imenunua mtambo mpya. Wa zamani ulikuwa na kibarua mmoja: anachukua hati ya kwanza, anaiingiza kwenye faharasa, anachukua ya pili. Kumi na saba siku zote ilitangulia arobaini na moja. Kompyuta yangu iko hivyo hivyo, imechoka kama mwenyewe. Mtambo mpya una vibarua wanne wanaofanya kazi pamoja, na anayemaliza mapema hati zake zinatangulia. Leo huyu, kesho yule.

Lakini kutangulia kuingia hakupaswi kumfanya mtu awe wa kwanza. Kinachoamua ni alama. Nikaitazama alama ya kumi na saba. Nikaitazama ya arobaini na moja.

Sawasawa. Mpaka tarakimu ya mwisho. Neno "mkaidi" mara moja katika kila hati, maneno kumi na mawili kila hati. Maktaba yangu, kazi ya maisha yangu, inasema mimi na Shemeji ni wakaidi kwa kiwango kimoja na haiwezi kuchagua, basi inamtanguliza aliyeingia mapema.

Dawa yake inajulikana na kila anayeanza kazi hii: weka kanuni ya sare. Alama zikilingana, yenye namba ndogo itangulie. Mstari mmoja. Nilishauandika nusu. Kisha nikafikiria nitakavyomweleza Shemeji. Nitakiri kwamba tuko sare? Na mtu yule? Mtu aliyevaa kaptura kwenye harusi yangu?

Nikafuta.

Badala yake nimeuamuru mtambo wa ofisini umpe kazi kibarua mmoja tu, kama zamani. Ukapita. Kijani tulivu, ya heshima. Mchana Msimamizi anapiga, na leo hakuna shikamoo. Mtambo mzima unatambaa, kazi za watu wote zimepanga foleni nyuma ya majaribio yangu, kuna mtu anasubiri tangu asubuhi aone kama kurekebisha herufi moja kumefaulu. Nani kaugusa? Nikasema labda umeme. Akasema umeme hauandiki jina la mtu, Mzee wangu.

Amewarudisha vibarua wote. Nyekundu.

Binti karudi, kaona nimejaa jasho, kauliza kama nimemeza dawa. Nimesema ndiyo. Sikumeza. Nakiri hapa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo ndiyo siku ninayoionea aibu. Kama shajara hii ina maana yoyote, ni ukurasa huu.

Nimeifungua hati ya kumi na saba na mwishoni nimeongeza neno moja. "Mkaidi." Sasa Shemeji analo mara mbili, mimi mara moja. Alama yake juu, yangu chini, vibarua wafanye watakavyo.

Nimetia mkono wangu kwenye sentensi ya mke wangu. Tulikaa pamoja maisha yote, na sikuwahi kumkatiza akizungumza. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuziokoa zile zilizobaki. Nilijiambia angecheka.

Kijani.

Nilijilaza. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, mama watoto, umepona.

Nilipofumbua, nyekundu. Haiwezekani! Nikatazama alama. Zimelingana tena! Nikarudisha mashambulizi: "mkaidi" la tatu kwenye kumi na saba. Kijani. Nikanywa uji. Nyekundu. La nne. Kijani. Nyekundu kabla sijatoa kidole kwenye kibodi.

Sihitaji kuambiwa. Kuna mzee mwingine, mahali pengine, mwenye afya tele na hana kazi ya kufanya, anaongeza "mkaidi" kwenye hati ya arobaini na moja kila ninapoongeza mimi kwenye yake. Tumefanya hivyo mpaka alasiri. Hakuna aliyempigia mwenzake. Haya ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyofanya mwaka huu.

Muuguzi amesema presha yangu inapanda na kushuka kama mtu anayekimbia ngazi. Akauliza nimekuwa nikifanya nini kitandani. Nikamwambia napumzika. Akatazama blanketi, likiwa na pembe nne zilizochongoka, akasema apumzike mtu na mashine yake?

Kesho Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekamatwa.

Binti hakwenda shule. Alikaa sebuleni kimya, akaja na dawa bila viatu, hata sikumsikia. Akasimama nyuma yangu. Kwenye skrini, kumi na saba yote, na "mkaidi" limejipanga mwishoni kama watu kwenye foleni ya hospitali.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama hakuandika hivi."

Nikasema kuna hitilafu. Akasema hitilafu imevaa pajama na inakataa dawa. Akachukua simu yangu, akampigia mjomba wake, akaweka spika, akaiweka juu ya mto katikati yetu.

Mjomba, mimi niko na Baba hapa. Nani ameweka maneno kwenye kinywa cha mama yangu?

Shemeji: kaanza baba yako. Mimi: yeye kaniiga! Shemeji: ningekaa tu unitukane kupitia kwa dada yangu? Binti akasema anafundisha watoto wa miaka kumi na miwili, ana mmoja anayetafuna chaki, na hata huyo hajawahi kumpa jibu la kipuuzi hivyo. Akasema mnagombania nani mkaidi, wazee wawili, mpaka mnataka kumfuta. Ndiyo mnachotaka? Basi semeni nizifute mimi sasa hivi, tukale.

Nikaivuta kompyuta kifuani.

Akaniamuru nizirudishe hati kama zilivyokuwa. Mabadiliko ya zamani hayapotei, unarudi nyuma tu. Nikarudi nyuma, nne, tatu, mbili, mpaka la asili. Kisha akasoma kwa sauti, kama anavyosomea darasa.

"Kaka yangu ni mkaidi. Aliambiwa asipande paa, akapanda, akaanguka, akalilaumu paa lenyewe."

Shemeji kwenye simu akasema paa lile lilikuwa bovu kweli.

"Mume wangu ni mkaidi. Baba alimkataa mara mbili, akarudi ya tatu, nikafurahi."

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikafurahi. Ndivyo ilivyoandikwa, neno la kumi na mbili. Miaka yote hiyo nilijua maneno manne na nikayanunia. Manane yalikuwa yananisubiri kule mbele. Niligeuza uso ukutani. Upande wa pili wa simu mtu alikuwa anapenga kamasi kwa nguvu, na alipoulizwa na binti alisema ni vumbi.

Tukakubaliana. Sare ni sare. Alama zikilingana, hati yenye namba ndogo itangulie. Nimeandika mstari ule mmoja, Shemeji kausoma kwa miwani yake miwili, kaupitisha. Mtambo ukaendesha majaribio mara hamsini, vibarua wote wanne wakiwa kazini. Kijani. Kijani tupu, kama shamba baada ya mvua.

Msimamizi kapiga. Shikamoo imerudi. Toleo limetoka, na hati za mama zinabaki. Ila kaonya: jaribio la "mkaidi" likimsumbua tena, hata mara moja, anazifuta zote. Nikamwambia mwanangu, hilo limekwisha. Nimejifunza. Niko tayari sasa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimelala kama mtoto. Nimemeza dawa zote, na moja ambayo haikuwa yangu. Muuguzi kasema presha nzuri, akaniuliza nimefanyaje. Nimesema nimeachilia mambo.

Mchana, ujumbe wa sauti. Shemeji. Hacheki safari hii, anaimba. Anasema ametafuta "mkaidi" kwenye toleo jipya kwa mikono yake mwenyewe, na nani ni wa kwanza? Yeye. Rasmi, kwa kanuni, mpaka mwisho wa dunia. Anasema sasa imejulikana kwamba dada yake akimwita mtu mkaidi alikuwa anampenda, kwa hiyo aliyetangulia ndiye aliyependwa zaidi. Nimpe hongera.

Nimemwambia binti kwamba mjomba wake amechanganyikiwa. Kasema mwache mzee afurahi.

Kumwacha? Namwacha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Yeye alilaumu paa. Mimi nilikataliwa mara mbili! Huo ndio ukaidi. Kuanguka si ukaidi, ni uzito.

Nimejaribu kusoma. Nimejaribu kusali. Nimetafuta "mkaidi" mara moja tu, kuhakikisha. Wa pili. Chini yangu, kwa alama pungufu kwa kuwa yeye ana "ukaidi" tu, kuna hati ya punda wa jirani. Nimekaa kati ya Shemeji na punda.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeamka na nguvu za ajabu. Binti kaondoka kwenda kazini akinibusu kwenye paji la uso, kasema naonekana mtu mpya.

Mabadiliko yenyewe ni madogo mno. Hayastahili hata kuitwa mabadiliko. Alama zikilingana, yenye namba kubwa itangulie. Kubwa badala ya ndogo. Neno moja! Kitaalamu ni bora zaidi, maana hati mpya kwa kawaida huwa na habari mpya, na kama mtu ataniuliza nitamweleza hivyo kwa uso mkavu. Kwenye maelezo nimeandika "maboresho madogo". Nikatuma.

Nikatafuta. Mimi wa kwanza! "Mume wangu ni mkaidi." Nimeisoma mpaka mwisho, polepole, nikafika kwenye neno la kumi na mbili, nikalirudia.

Kisha skrini ikawa nyekundu.

Jaribio! Nimegeuza kanuni, nikasahau jaribio lenyewe bado linatarajia kumi na saba. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Ninalibadilisha sasa, vidole haviniitikii, herufi zinarukaruka, na Msimamizi ameshaanza kupiga. Simu inatetemeka juu ya meza ya dawa. Muuguzi ameingia na kipimo chake, nimemwomba aipokee, aseme nimezidiwa. Anauliza kama nimezidiwa kweli. Nimemwambia asinichoshe na maswali ya kitaalamu.

Anasema Msimamizi anataka jambo moja tu kabla hajafuta chochote: asikie kwa mdomo, mbali na jina lililoandikwa, ni nani aliyegusa kanuni ya sare. Anasema anaweza kusubiri hapo hapo kwenye simu.

Ni mimi. Naandika hapa, kwa mkono wangu, kwa sababu mtu anayekaribia kuondoka hana budi kuwa mkweli. Muuguzi nimemwambia ajibu ni Shemeji.